Diklofenaki inakuwaje ikifika kwenye udongo na maji?

Diklofenaki wengi wetu tunaijua: dawa ya mgongo, ya magoti, ya jino. Ukiimeza, ini huibadilisha, kisha hutoka kwa mkojo na choo, kiasi kidogo kikiwa bado dawa kamili. Ile ya kuchua ndiyo inayopotea zaidi. Ngozi hunyonya takriban asilimia 6 tu, nyingine huondoka na maji ya kuoga.

Ikifika mtoni au ziwani kwenye maji maangavu, jua huivunja upesi. Watafiti wa Uswisi walilionyesha hilo mwaka 1998 katika ziwa la Greifensee. Lakini mwanga haupenyi maji ya tope ya masika, wala hauendi chini ya ardhi.

Kwenye udongo kazi hufanywa na vijidudu. Katika majaribio ya udongo wa shamba wenye unyevu na joto, nusu ya dawa ilitoweka ndani ya siku chache. Vijidudu vilipouawa kwanza, dawa ilidumu. Udongo wenye mboji huishika, mchanga huiachia iteremke na maji. Kwa hiyo shimo la choo lililochimbwa kwenye mchanga, karibu na kisima, ni mahali pabaya kwake: giza, hewa haba, na njia ya kushukia iko wazi.

Je, maji hayo yatatudhuru? Tupige hesabu. Tuseme kila lita ina mikrogramu 1, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukinywa lita 2 kila siku, itakuchukua miaka 68 kufikisha kidonge kimoja cha miligramu 50. Kisima kilicho karibu na choo kina hatari kubwa zaidi ya hiyo, nayo ni kipindupindu na homa ya matumbo.

Samaki ni habari nyingine, maana hawatoki majini. Aina ya trauti waliowekwa kwenye maji yenye mikrogramu 1 hadi 5 kwa lita waliharibika figo na matamvua. Kidonge kile kimoja kinatosha kufikisha lita 50,000 kwenye mikrogramu 1, kiasi cha bwawa dogo la samaki.

Ndege nao wamo. India na Pakistan, tumbusi walikufa karibu wote kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Sababu ilijulikana mwaka 2004, na mwaka 2006 nchi hizo na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo. Ng'ombe wako akiwa na maumivu, mwulize daktari wa mifugo kuhusu meloksikamu, ambayo haiui tumbusi.

Vidonge vilivyopitwa na muda usivitupe chooni wala mtoni. Waulize zahanati au duka la dawa kama wanavipokea. Na ukishajipaka dawa ya kuchua, futa mikono kwa karatasi au kitambaa kikuukuu kabla ya kunawa.