Mbwa aliyefukuzwa mjini

Juzi mdau kaniuliza: mbwa wa kondoo wa Iceland anafaa kukaa naye nyumbani? Nikamjibu kwa historia.

Mababu zake walifika na walowezi kutoka Norway zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kazi yake ilikuwa kukusanya kondoo milimani, na kubwekea ndege wakali wasinyakue wanakondoo.

Mwaka 1924 Reykjavik ikapiga marufuku ufugaji wa mbwa, kwa hofu ya tegu wanaoambukiza binadamu. Ikalegeza 1984. Katikati hapo aina hii ilikaribia kutoweka. Miaka ya 1950 Mwingereza Mark Watson akapigania kuiokoa.

Leo ni kipenzi cha familia. Anapenda watu, hapendi upweke. Ila kubweka hajaacha. Kwa hiyo wewe wa ghorofani, jiulize: safari hii atafukuzwa nani?