Mkazo Unaohama

Neno 'second-hand' kila muuza mitumba analijua. Lina silabi tatu, sec-ond-hand, na mtu akisema kwa Kiingereza kwamba gari lake ni 'second-HAND', mkazo mkuu huangukia silabi ya mwisho. Akisema 'a SECond-hand CAR', mkazo umerudi mwanzoni na 'hand' imelegea. Neno ni lile lile, ila sasa limepata jirani. 'Car' nayo ina mkazo, na Kiingereza hakipendi mikazo miwili mikuu ibanane.

Jambo hili naliita kuhama kwa mkazo. 'Uhamishaji' ungedai mtu anayeuhamisha, na mzungumzaji mwenyewe wala hana habari. Wapo wanaosema shadda badala ya mkazo. Si kosa, lakini aliyesoma chuoni anajua kwamba katika maandishi ya Kiarabu shadda ni alama ya kurudufisha konsonanti, kwa hiyo mimi hubaki na mkazo.

Mkazo wa Kiswahili nao huhama, ila kwa kuhesabu kutoka mwisho wa neno: kiTAbu, kitaBUni. Ukiacha machache kama LAzima, au baRAbara yenye maana ya sawasawa, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na jirani hana usemi. Ndiyo maana 'bad-tempered' humdanganya mwanafunzi wetu. Likiwa peke yake, mkazo mkuu uko kwenye TEM, palepale ambapo Kiswahili kingeuweka. Amepatia bila jasho. Likitangulia nomino, 'a BAD-tempered TEAcher', mazoea yale yale yanamwangusha.

Kuhesabu silabi kwenyewe kuna mtego. Katika 'short-sighted', -ed ni silabi kamili kwa sababu inafuata t. Ingekuwa hivyo pia baada ya d. 'Well-dressed' lina silabi mbili tu, japo sisi, tuliozoea silabi kuishia na irabu, hulitamka wel-dre-se-di.

Kamusi ya matamshi ya John Wells, iliyotoka mwaka 1990, huweka pembetatu ndogo inayoelekea kushoto penye maneno ambayo mkazo wake huweza kurudi nyuma. Usiitafute kwenye 'homesick' wala 'waterproof': mkazo mkuu wa maneno hayo uko silabi ya kwanza tayari, hauna pa kurudi.