KWARESIMA MOSOCHO: HISTORIA YA JINA NA YA SUBIRA

Miongoni mwa maneno ya ibada ya Kikristo katika Kiswahili, Kwaresima lina historia ya namna yake. Asili ya jina hili ni neno la Kilatini quadragesima, maana yake "ya arobaini". Lakini maneno yanayokieleza kipindi chenyewe yametoka kwingine. Toba, sala, sadaka na subira yana asili ya Kiarabu, nayo yalikuwa yamekwisha kukomaa vinywani mwa Waislamu wa pwani kabla ya misheni za karne ya 19. Kufunga ni neno la Kibantu. Na mwezi unaofuata Ramadhani huitwa na Waswahili Mfunguo Mosi, kana kwamba mwaka wenyewe huanza pale saumu inapokwisha. Mkristo basi hulitaja jambo hili kwa Kilatini na kulieleza kwa msamiati wa jirani yake. Yafaa kuuliza jinsi jina linalotaja hesabu ya siku tu lilivyopata maana ya subira na tafakuri mahali kama Mosocho, karibu na mji wa Kisii, palipo mbali na pwani na mbali zaidi na Roma.

Ukristo uliwafikia Abagusii kwa njia mbili takriban wakati mmoja. Mapadre wa Mill Hill walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakaanza kazi Nyanchwa karibu na wakati huohuo. Septemba 1914, baada ya mapigano ya Waingereza na Wajerumani mjini Kisii, misheni hizo ziliporwa, na kazi ikabidi kuanzwa upya. Dayosisi ya Kisii iliundwa mwaka 1960, na Maurice Otunga akawa askofu wake wa kwanza. Shule ya upili iliyoanzishwa Mosocho mwaka 1961 ina jina lake, naye alifanywa kardinali mwaka 1973. Kwa kuwa Waadventista hawana Kwaresima katika kalenda yao, ndugu wawili wa ukoo mmoja waweza kuishi kilima kimoja, mmoja akipakwa majivu Jumatano, mwingine akiitunza Sabato yake Jumamosi kama kawaida. Katika hali hiyo Kwaresima haikuweza kuwa desturi ya watu wote isiyoulizwa sababu. Aliyeishika alipaswa kuielewa, maana jirani yake angeweza kumwuliza.

Majira nayo yalichangia. Kalenda ya Kwaresima ilitungwa katika nchi za kaskazini, ambako kipindi hiki huangukia mwisho wa baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua. Katika nyanda za juu za Gusii, Februari hadi Aprili ni wakati wa mvua ndefu kuanza, mahindi kupandwa na kupaliliwa, ilhali mavuno yako mbali, katikati ya mwaka. Mkulima wa Mosocho hahitaji kufundishwa kwamba kungoja si kukaa bure. Asiyepalilia hana cha kungojea.

Hata hivyo sheria yenyewe ilibadilika. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kufunga siku zote za Kwaresima isipokuwa Jumapili, kwa mlo mmoja kamili kwa siku, ingawa nafuu mbalimbali zilitolewa. Februari 1966 Papa Paulo VI aliubakiza wajibu wa kufunga katika siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, akisisitiza toba ya moyo na matendo ya huruma. Jina halikubadilika, lakini mzigo wake ulihama kutoka tumboni kwenda moyoni. Hapo palikuwa na hatari ya jina kubaki bila kazi, kwa kuwa mlo uliopunguzwa huonekana na tafakuri haionekani.

Mwaka 2008 maana hiyo ilitiwa katika jaribio kali. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza Abagusii wengi kutoka Bonde la Ufa, wakarudi katika ardhi iliyokuwa tayari na msongamano. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 6 Februari. Mapatano ya kitaifa yalitiwa saini Nairobi tarehe 28 mwezi huohuo, Kwaresima ikiendelea. Pasaka ikawa tarehe 23 Machi. Kumhimiza aliyechomewa nyumba awe na subira kulikuwa jambo zito. Ikiwa subira ni kunyamaza tu, basi aliyedhulumiwa alikuwa akitakiwa kudhulumiwa mara ya pili.

Kiswahili chenyewe chatoa msaada hapa. Arobaini ya matanga huweka kikomo cha maombolezo, na methali husema siku za mwizi ni arobaini. Katika matumizi yote mawili hesabu hiyo ni muda wenye mwisho, na mwisho huo huleta mabadiliko: mfiwa hurudi kazini, mwizi hukamatwa. Kwa hiyo subira ya Kwaresima haimtaki aliyeumizwa asahau. Yamtaka asilipize kisasi wakati haki inatafutwa, kama mkulima asivyong'oa mche ili autazame mzizi. Maana hiyo haimo katika neno la Kilatini. Imetokana na wale waliolipokea, kwa lugha waliyokuwa nayo na kwa majira ya nchi yao.