Kampala: Jinsi ya kudai mahakamani mali iliyochukuliwa na polisi

Simu, kompyuta, gari au mzigo ukichukuliwa na polisi mjini Kampala kama kielelezo, mali hiyo haigeuki kuwa ya serikali. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinalinda haki ya kumiliki mali, na kifungu cha 27 kinakataza upekuzi usio halali. Hata hivyo mfanyabiashara anayesubiri bila kuandika lolote anaweza kupoteza muda wake wa kudai.

Nani anashikilia mali?

Hili ndilo swali la kwanza. Kama ni polisi, mwenye mali adai orodha ya vitu vilivyochukuliwa, nakala ya hati ya upekuzi ikiwa ilikuwepo, na namba ya jalada la kesi.

Kama mzigo umekamatwa na forodha, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), njia ni nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mwenye mzigo mwezi mmoja kumwandikia Kamishna kuudai. Asipodai, mzigo huhesabiwa kuwa umetaifishwa.

Ombi mahakamani

Hatua ya kwanza ni barua kwa mkuu wa kituo, na nakala kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ikiwa jalada limeshafika huko. Barua isipojibiwa, inakuwa ushahidi.

Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, kitu kilichokamatwa kwa hati ya upekuzi na kufikishwa mahakamani kinaweza kushikiliwa hadi uchunguzi au kesi imalizike, na kitunzwe ipasavyo. Kesi isipoendelea, mahakama huamuru kirudishwe kwa aliyenyang'anywa, isipokuwa sheria ielekeze vinginevyo. Kwa hiyo kama kesi imefunguliwa, ombi hupelekwa kwa mahakama ile ile, kwa mfano Buganda Road, Nakawa au Makindye.

Ombi huambatana na hati ya kiapo na uthibitisho wa umiliki: risiti, kadi ya gari, hati za forodha. Mahakama za Uganda hufanya kazi kwa Kiingereza, hivyo risiti na barua za Kiswahili kutoka Dar es Salaam au Mombasa zitafsiriwe mapema.

Kama hakuna kesi yoyote, au mali ilichukuliwa kinyume cha sheria, kifungu cha 50 cha Katiba kinamruhusu mwenye mali kuomba nafuu na fidia mahakamani. Utaratibu wake umo katika Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019, ambayo pia inaruhusu afisa aliyehusika kuwajibishwa binafsi.

Amri ikitoka

Tarehe 20 Mei 2013 polisi waliingia katika ofisi za gazeti la Daily Monitor mjini Kampala wakiwa na hati ya upekuzi ya mahakama ya Nakawa. Siku chache baadaye mahakama hiyo ilifuta hati yake, lakini polisi waliondoka tarehe 30 Mei tu. Amri ya mahakama haijitekelezi yenyewe. Lazima ipelekwe kituoni, ipokelewe kwa saini na muhuri, na ikipuuzwa wakili arudi mahakamani kulalamikia kudharauliwa kwa mahakama.

Muda wa kukumbuka

- Dai la mzigo kwa Kamishna wa forodha: mwezi 1.
- Kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa ofisi ya umma: miezi 3.
- Kuishtaki serikali kwa madhara, kupitia Mwanasheria Mkuu: miaka 2.
- Dai chini ya sheria ya haki za binadamu ya 2019: miaka 10.

Mwenye mzigo asiyejua kama umeshikwa na polisi au forodha aanze na ule muda wa mwezi mmoja, kwani ndio unaokwisha kwanza.