Mbwa Aliyeitwa Mshenzi

Leo siongei siasa wala bei ya samaki. Naongea juu ya mbwa. Usicheke kwanza, ngoja nimalize.

Kwenye vijiji vya misitu ya Kongo kuna mbwa mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni. Habweki kama mbwa wengine. Ndiyo maana wawindaji humfunga njuga ya mti, maana mbwa asiyebweka akishazama msituni utamfuata kwa sauti gani? Kwetu huyo ni mbwa tu. Ulaya na Marekani ana jina la ukoo: Basenji. Hebu lisome kwa sauti. Ndiyo, ni "bashenzi", neno letu lenyewe. Wakati wa Wabelgiji, ndilo waliloitwa wanakijiji wasiosoma. Basi huyo alikuwa mbwa wa washenzi.

Mwaka 1895 wawili wa aina hiyo walionyeshwa London, kwenye maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts. Muda si mrefu wakafa kwa ugonjwa wa mbwa ambao miili yao haikuuzoea. Wengine walioletwa baadaye pia walikufa. Mwaka 1937 tu, mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, aliwafikisha tena Crufts mbwa wa Kongo, na watu wakajazana kuwatazama. Miaka ya 1940 Marekani nayo ikawaandikisha.

Sasa fuata hapa. Mwaka 1978, Crufts hiyohiyo, John Varley na Peter Meanwell walitayarisha kitu cha kuchangamsha watu wakati wa mapumziko: mbwa wanaruka vizuizi kama farasi wa mashindano. Watu wakapenda sana. Mwaka 1980 mchezo ukapata kanuni zake. Ndio huo unaitwa agiliti. Mbwa anaruka, anapita kwenye bomba, anapanda ubao, anapenya katikati ya fimbo zilizopangwa mstari, huku bwana wake anakimbia pembeni akimwonyesha njia.

Mbwa kijana anafuzu namna gani? Kwanza anangojewa. Uingereza haruhusiwi kushindana kabla ya miezi 18. Marekani, miezi 15. Mifupa ikikimbizwa mapema inaharibika. Halafu Marekani, ngazi ya kwanza, anatakiwa apate alama 85 kwa 100 mara tatu, mbele ya waamuzi wasiopungua wawili, ili isiwe bahati ya siku moja wala upendeleo wa mtu mmoja. Na kuna shindano moja kubwa la mwaliko ambalo huita mbwa watano bora wa kila aina. Basenji ana kichwa kigumu, hapendi kuamriwa. Lakini pale halazimiki kumshinda mbwa mchunga kondoo wa Ulaya. Anashindana kwanza na Basenji wenzake, na akiwa kati ya watano, mlango uko wazi. Hakuna anayemwambia abweke.

Linganisha na babu zetu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa ya uraia kwa Wakongo waliosoma, wale walioitwa evolue, yaani walioendelea. Mwaka 1952 ikaongeza cheti kingine cha juu, imatrikulasio. Kukipata, wakaguzi walikuja mpaka nyumbani: wanaangalia unakula vipi, umeoa wake wangapi, nyumba yako imepangwa namna gani. Patrice Lumumba mwenyewe aliomba, wakamkatalia, akakata rufaa, akakipata 1954. Na ukikosa? Unabaki upande wa washenzi.

Mnaona tofauti? Mbwa alipimwa kwa kazi, na kanuni alizowekewa bwana wake alizijua kabla. Mtu alipimwa kama amefanana na yule anayempima. Mbwa wa washenzi angeweza kushinda na kubaki mbwa wa Kongo. Msomi, ili ashinde, alitakiwa aonyeshe kwamba ameacha kwao.

Kwa nini naleta hayo leo? Siku moja, kwenye ofisi moja ambayo siitaji, mzee mvuvi alikosea kujaza fomu. Kijana mwenye diploma akamwambia, "Mushenzi wewe, hata kusoma hujui." Sisi tuliokuwa kwenye mstari tukacheka. Mimi pia nilicheka. Yule mzee alikunja karatasi yake taratibu, akatoka. Ni yeye na wenzake wanaouza dagaa mpaka usiku ili sisi tulipe masomo.

Wabelgiji waliondoka 1960, lakini wakaguzi wao wamebaki ndani yetu. Diploma yetu tunaitumia kama ile kadi: siyo kuonyesha kazi tunayoweza, ila kuonyesha sisi siyo wale wa kule nyuma.

Sisemi tudharau masomo. Tuyafanye kama mbwa yule kijana anavyofanyiwa: asikimbizwe, afunzwe, apimwe kwa anachoweza, na arudie mpaka ithibitike. Na mzee akikosea fomu, mjazie. Kalamu unayo.

Mimi bado sijamwomba yule mzee msamaha. Ijumaa natelemka ziwani kumtafuta.