Masta ya Juu, Masta ya Chini

Ukifika Kalerwe, mjini Kampala, usimwambie fundi kwamba "gari" limekufa ukadhani umeeleweka. Kwa Kiganda, ggaali ni baiskeli, na gari moshi ni ggaali y'omukka. Hilo ulilokuja nalo ni emmotoka, ndugu wa motokaa yetu ya zamani. Ukishavuka hapo, lugha ya gereji inanyooka: klachi, gia, spana, boneti. Inapinda tena kwenye kile kisilinda kinachosukumwa na pedali ya klachi.

Waingereza walikiita masta, yaani bwana, na mwenzake wa kwenye gia boksi wakamwita mtumwa. Mfasiri wa mezani ataandika "silinda kuu". Kwenye breki jina hilo linakaa vizuri, maana silinda moja inasukuma mafuta hadi magurudumu yote manne. Kwenye klachi ukuu huo siuoni: pistoni huku, pistoni kule, bomba jembamba katikati. Na mtumwa je? Neno lina hoja yake. Limetoka kwenye tuma, kitenzi kilichotuzalia pia mtume, na silinda ile kweli hainyanyuki mpaka itumwe. Lakini soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, si zamani sana kwa kumbukumbu ya lugha. Sitaki kusikia chuma kikiitwa kwa neno hilo.

Mafundi wamejikatia shauri: masta ya juu, masta ya chini. Masta mbili, mtumwa hakuna! Mwanaisimu atacheka, ila jina hilo linakuonyesha pa kupeleka mkono. Ya juu imefungwa kwa nati kwenye ukuta kati ya injini na miguu ya dereva. Ya chini imeshika ubavu wa gia boksi. Gia zikigoma kuingia, pedali ikalala isirudi, na zulia chini yake limelowa mafuta ya breki, ya juu ndiyo imekufa. Pakiwa pakavu kote na pedali bado inazama taratibu, shuku raba za ndani. Kuibadilisha uani si kazi ya kutisha: chomoa pini ya pedali, fungua bomba kwa spana inayoshika sawasawa, kisha nati. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, yaoshe kwa maji upesi, yanaila. Na usijaze oili ya injini, raba zitavimba.

Halafu kuna kutoa upepo. Mmoja anakanyaga pedali na kushikilia, mwingine yuko uvunguni analegeza skrubu ya masta ya chini, mapovu yanatoka, anakaza, ndipo wa juu anaachia. Kiingereza hukiita kitendo hiki "blidi", kutoka damu, yaani kinataja mafuta, kitu ambacho hutaki kukipoteza. Kiswahili kinataja adui mwenyewe. Mwanagenzi akisikia "toa upepo" anajua kazi itaisha lini: mapovu yakikoma. Akisikia "blidi" hajaambiwa kitu.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kwa hiyo vitabu vya ufundi vitahitajika. Enyi mtakaoviandika, wekeni silinda ya juu ya klachi na silinda ya chini ya klachi, na kutoa upepo kubaki kutoa upepo. "Masta" liachieni soko la spea la Kisekka.