Kipande: kalamu ilikuwa mkononi mwa mwajiri

Wakenya wengi bado huita kitambulisho kipande. Waliovaa kipande cha kwanza hawakukiomba, wala hakikuwa cha kuwafaa wao.

Sheria yake ilipitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikachelewesha utekelezaji hadi kufikia 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kutembea nayo. Ilitiwa ndani ya kikasha cha chuma, ikaning'inizwa shingoni.

Mbali na jina na kabila, karatasi ile ilikuwa na nafasi ya mwajiri kujaza: siku ya kuanza kazi, mshahara, siku ya kuondoka, na sahihi yake. Bila sahihi hiyo mtu hakupata kazi kwingine. Akitoka shambani kwa mlowezi kabla ya kusainiwa, alihesabiwa mtoro na kusakwa. Tena mwajiri mpya alisoma mshahara wa zamani palepale, asione sababu ya kuongeza hata senti. Kwangu mimi, hicho hakikuwa kitambulisho, kilikuwa pingu.

Mwanaharakati Harry Thuku alisimama hadharani kukipinga kipande, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume ari, na risasi zikarindima. Serikali ilihesabu maiti 21, Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliouawa. Yeye hakulazimika kubeba kipande, lakini alikifia.

Mwaka 1947 sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote wasajiliwe. Walowezi wakaja juu: wao watiwe wino vidoleni? Jambo walilowatendea wengine kwa zaidi ya robo karne sasa waliliona fedheha.

Baada ya uhuru usajili uliendelea, na wanawake wakaingizwa mwaka 1978. Hata hivyo, si wote waliopokewa sawa. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni kuhakikiwa upya, wakapewa kadi ya ziada iliyowatenga na raia wenzao. Kwa miaka mingi baadaye, kijana wa Garissa au Mnubi wa Kibera aliitwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, akaulizwa vyeti vya wazazi na mababu, huku mwenzake wa mikoa mingine akihudumiwa bila maswali hayo. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta uhakiki huo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani.